Kodi ya Mauzo ya Texas: Kujaza Ritani Mtandaoni Bila Kukesha Usiku wa Tarehe 20

Wenye maduka wengi ninaowafahamu hapa Houston huikumbuka kodi ya mauzo jioni ya tarehe 20, duka limeshafungwa na watoto wamelala. Hapo ndipo simu zinapoanza: "Kaka, ile namba inayoanza na RT huwa inaandikwa wapi?" Nimezipokea simu hizo miaka kadhaa sasa, na kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa napiga. Jibu langu ni lile lile. Ukurasa wenyewe wa ritani, yaani taarifa ya mauzo na kodi unayoituma kwa jimbo, hauchukui robo saa. Kinachowakesha watu ni namba tatu za mauzo na manunuzi ambazo zilitakiwa ziwe zimeshaandikwa kwenye karatasi kabla hata kompyuta haijawashwa. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hizo namba tatu kuliko kwenye vitufe vya kubofya.

Nazungumzia Texas kwa sababu ndilo jimbo ninalofanyia kazi. Ukiwa Ohio, Minnesota au California mantiki ni hiyo hiyo, ila viwango, tarehe na orodha ya bidhaa zenye msamaha vinabadilika, wakati mwingine kwa namna ya kushangaza. Minnesota, kwa mfano, nguo za kawaida hazitozwi kodi ya mauzo, Texas zinatozwa. Usichukue ushauri wa shemeji aliyeko Minneapolis ukaupeleka kwenye duka lako la Dallas.

Hii si VAT ya nyumbani

Marekani haina VAT. Kodi ya mauzo ni mali ya kila jimbo, na yapo matano yasiyokuwa nayo kwa jimbo zima: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Texas iliianza mwaka 1961 kwa asilimia 2, ikapanda kidogo kidogo hadi asilimia 6.25 mwaka 1990, na haijasogea tangu hapo. Juu yake miji, kaunti, mamlaka za usafiri na wilaya maalumu huongeza za kwao, lakini zote kwa pamoja hazivuki asilimia 2. Ndiyo maana jumla haiwezi kuzidi asilimia 8.25. Ndani ya Jiji la Houston unaipata hiyo 8.25 hivi: 6.25 ya jimbo, 1 ya jiji, 1 ya METRO, mamlaka ya mabasi na treni. Dallas ni hivyo hivyo, ila badala ya METRO ipo DART.

Mfanyabiashara aliyezoea asilimia 16 ya Kenya au 18 ya Tanzania Bara anakuja na mazoea ambayo hapa yatamponza. Kule kila aliyesajiliwa kwenye mnyororo anatoza kodi, na mwisho wa mwezi unakata ile uliyolipa kwenye manunuzi kutoka kwenye ile uliyokusanya. Texas kodi inatozwa mara moja tu, kwa yule anayekwenda kukitumia kitu. Unaponunua mzigo wa kuuza dukani hutakiwi kulipa kodi kabisa: unampa muuzaji wa jumla fomu namba 01-339, yaani cheti cha kununulia bidhaa za kuuza tena, chenye namba yako ya mlipakodi na sahihi yako. Vivyo hivyo, mwenye duka mwenzako akija kuchukua mabunda ya vitenge kwako bila kodi, wewe ndiye unayetakiwa kubaki na fomu yake kwenye faili. Mkaguzi akija usiwe nayo, mauzo yale yanaweza kuhesabiwa kuwa yalipaswa kutozwa, na kodi itatoka mfukoni mwako.

Kitu kimoja kimefanana na nyumbani: tarehe 20. Kenya na Tanzania ritani ya VAT inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na Texas nayo ni tarehe 20.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Kwanza kibali cha kodi ya mauzo. Kinatolewa bure na ofisi ya Comptroller, yaani mdhibiti wa fedha wa jimbo, yenye makao Austin, na unaomba mtandaoni kupitia comptroller.texas.gov. Mtu akikutoza pesa "akupatie leseni ya tax", anakuuzia kitu cha bure. Kibali kinabandikwa dukani mahali wateja wanaweza kukiona.

Pili, namba mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni namba ya mlipakodi, tarakimu 11. Nyingine ni namba ya Webfile, mfumo wa Comptroller wa kujazia ritani mtandaoni, inayoanza na herufi RT zikifuatwa na tarakimu sita. Hii ya pili imo kwenye barua ambazo Comptroller anakutumia, na ndiyo ufunguo wa kuunganisha biashara yako na akaunti ya mtandaoni. Piga picha barua hiyo, itume kwenye barua pepe yako, andika "RT ya duka" kwenye kichwa cha habari. Utanishukuru.

Tatu, namba za benki: ile ya tarakimu tisa inayotambulisha benki, na ya akaunti yako. Soma kutoka kwenye hundi au programu ya benki, usitegemee kichwa.

Nne, ujue unajaza kila baada ya muda gani. Comptroller mwenyewe ndiye anayekupangia. Duka ambalo kodi yake inafika dola 500 kwa mwezi, au 1,500 kwa robo mwaka, hujaza kila mwezi. Walio chini ya hapo kwa kawaida hujaza kila robo: tarehe 20 Aprili, 20 Julai, 20 Oktoba na 20 Januari. Wadogo zaidi, wenye kodi isiyofika dola 1,000 kwa mwaka, wanaweza kuruhusiwa kujaza mara moja tu, tarehe 20 Januari. Tarehe 20 ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Namba tatu

Tuchukue duka moja la mfano. Lipo ndani ya Jiji la Houston, linauza unga wa ugali, maharage, samaki wakavu na majani ya chai. Kuna kona ya vitenge, sabuni na mafuta ya nywele. Kuna friji ya soda. Na kaunta ya sambusa na pilau vya moto. Linajaza kila mwezi. Tunajaza ritani ya Aprili, inayodaiwa tarehe 20 Mei.

Namba ya kwanza ni mauzo yote ya Texas. Kwenye skrini kisanduku chake kimeandikwa Total Texas Sales. Hapa unaweka kila ulichouza, cha kutozwa na kisichotozwa, bila kuweka kodi yenyewe. Makosa yapo ya aina mbili, na yanakwenda pande mbili tofauti. Wapo wanaoandika mauzo ya vitu vya kodi pekee, wakiona unga "hauhusiki". Unahusika; unaingia hapa na kuishia hapa. Wengine wanachukua jumla ya pesa zilizoingia benki, ambamo kodi ya wateja imo tayari, na hivyo wanalipia kodi juu ya kodi. Kama mashine ya kaunta yako haitenganishi kodi, na bei zako zimeshajumlisha kodi, gawanya mauzo ya vitu vya kodi kwa 1.0825. Dola 10,825 zilizoingia ni dola 10,000 za mauzo na dola 825 za kodi. Usipige asilimia 8.25 ya 10,825. Utapata 893 na senti kadhaa, na tofauti hiyo umejitoza mwenyewe.

Duka letu la Aprili liliuza vyakula visivyotozwa vya dola 23,150.20, vitu vya kodi vya dola 14,262.40, na vitenge vya dola 1,000 kwa mwenye duka mwingine aliyeleta fomu 01-339. Jumla 38,412.60. Ritani inataka dola nzima bila senti, kwa hiyo 38,413.

Namba ya pili ni mauzo yanayotozwa kodi, Taxable Sales. Hapa ndipo ubongo unapochoka, kwa sababu lazima ujue kipi kinatozwa. Kwa duka la aina hii, mstari unapita hivi. Vyakula vya kwenda kupika nyumbani havitozwi: unga, mchele, maharage, samaki, nyama, mafuta ya kupikia, matunda. Chakula kilicho tayari kuliwa, kama sambusa za moto na sahani ya pilau, kinatozwa. Soda zinatozwa, pipi zinatozwa. Sabuni, mafuta ya kujipaka, nywele za kusukia, sufuria, vitenge na nguo, vyote vinatozwa. Dawa za dukani zisizohitaji cheti cha daktari hazitozwi. Chakula alicholipia mteja kwa kadi ya msaada wa chakula, SNAP, hakitozwi. Kaunta nyingi zinalitambua hilo zenyewe, lakini hakikisha.

Kwa wanaosuka nywele: kazi ya kusuka haitozwi Texas, ila pakiti ya nywele unayoiuza yenyewe inatozwa. Kwa mafundi wa magari: ukitenganisha kwenye ankara bei ya vipuri na ya ufundi, ufundi hautozwi, ukiandika bei moja kwa mkupuo umejiletea matatizo. Mistari miwili kwenye ankara inaokoa pesa nyingi, na bado naona mafundi wakiandika "brake 350" na basi.

Kuna pia wikendi moja ya Agosti, kabla ya shule kufunguliwa, ambapo nguo na viatu vya chini ya dola 100 kila kimoja havitozwi kodi. Gauni la kitenge la dola 70 linapita bila kodi siku hizo. La dola 120 halipiti. Mauzo hayo yanaingia kwenye namba ya kwanza, hayaingii kwenye ya pili. Panga kaunta yako mapema, maana kumrudishia mteja kodi baadaye ni usumbufu.

Na ukitoza kimakosa? Tuseme mfanyakazi mpya alitoza asilimia 8.25 kwenye unga wiki nzima. Pesa hizo si faida. Ama unawarudishia wateja, ama unazipeleka kwa jimbo. Hazibaki dukani.

Mnaouza pia kupitia Amazon au Etsy, zingatieni hili: tangu tarehe 1 Oktoba 2019, majukwaa ya aina hiyo ndiyo yanayotoza na kupeleka kodi ya Texas kwa mauzo yanayopita kwao. Mauzo hayo unayaandika kwenye namba ya kwanza, lakini kwenye namba ya pili huyaweki. Nimeona mtu akiyalipia kodi mara ya pili kwa mwaka mzima, kwa uaminifu tu.

Duka letu: 14,262.40, inakuwa 14,262.

Namba ya tatu ni manunuzi yanayodaiwa kodi, Taxable Purchases. Hii ndiyo inayoachwa sifuri na karibu kila mtu, na ndiyo wakaguzi wanayoipenda. Inahusu vitu ulivyovipata bila kulipa kodi lakini ukavitumia mwenyewe badala ya kuviuza. Njia ni mbili. Kwanza, umeagiza kitu cha kazi, mfano friji ya kioo, kutoka kwa muuzaji wa jimbo lingine asiyetoza kodi ya Texas. Pili, umechukua kitu kwenye shehena yako uliyoinunua kwa fomu 01-339, ukakipeleka nyumbani au ukampa mtu zawadi. Mama mkwe amekuja kutembea, umemkatia vitenge viwili kutoka rafuni: hapo wewe ndiye mteja wa mwisho, na kodi unadaiwa kwa bei uliyonunulia, si kwa bei ya kuuzia. Mfuko wa unga uliopeleka jikoni hauna neno, kwa sababu unga hautozwi tangu mwanzo.

Mimi huwa naweka daftari dogo chini ya kaunta. Kila kinachotoka rafuni bila kupita kwenye kaunta kinaandikwa humo pamoja na bei ya kununulia. Linafanya kazi vizuri kuliko programu yoyote niliyowahi kuijaribu, na mke wangu analiogopa.

Aprili duka letu liliagiza friji ya dola 900 bila kodi, na vitenge vya zawadi viligharimu dola 60. Namba ya tatu ni 960.

Sasa hesabu, ambayo mtandao utakufanyia, lakini ni vizuri uijue kabla ili ukiona namba ya ajabu ushtuke. Mauzo ya kodi 14,262 na manunuzi 960 yanatoa 15,222. Asilimia 6.25 ya jimbo ni dola 951.38. Asilimia 2 ya hapa mjini ni dola 304.44. Jumla dola 1,255.82. Ukijaza na kulipa kwa wakati, Texas inakuachia nusu asilimia kama shukrani ya kuwakusanyia, yaani dola 6.28. Unalipa 1,249.54.

Linganisha na kaunta. Kwenye vitu vya 14,262.40, kaunta ilikusanya kama dola 1,176.65 za kodi. Tofauti kati yake na 1,255.82 ni takriban dola 79.20, ambayo ndiyo kodi ya friji na vitenge vya mama mkwe, na senti chache za kukatia dola nzima. Namba zikikubaliana hivi, lala. Zisipokubaliana, tafuta kabla hujatuma.

Kwenye skrini

Fungua comptroller.texas.gov na utafute Webfile. Mara ya kwanza utatengeneza akaunti kwa barua pepe na nenosiri. Tumia barua pepe ya biashara, si ya kijana wako aliyekusaidia. Atakwenda chuo na ritani zako zitabaki kwenye simu yake. Ukiingia, utaunganisha biashara kwa kuweka ile namba ya tarakimu 11 na ile ya RT. Hii ni kazi ya mara moja.

Kisha unachagua kodi ya mauzo na matumizi, unachagua kujaza ritani mpya, na unachagua kipindi. Soma kipindi mara mbili. Kujaza namba za Aprili kwenye kipindi cha Mei ni kosa la kijinga linalozaa barua mbili kwa pamoja: moja ya kukuambia hujajaza Aprili, nyingine ya Mei.

Yatakuja maswali mafupi. Moja linauliza kama unadai nafuu ya kupunguza kodi kwenye ritani hii. Lingine linauliza kama ulirudisha kodi kwa bidhaa zilizopelekwa nje ya Marekani kwa cheti cha wakala wa forodha aliyesajiliwa Texas. Duka la kawaida jibu ni hapana yote mawili. Ukijibu ndiyo bila kujua, mtandao utakufungulia kurasa ambazo hukuzihitaji. Rudi nyuma, usizijaze kwa kubahatisha.

Halafu unakuja ukurasa wenye orodha ya maduka yako. Mwenye duka moja ataona mstari mmoja wenye anwani yake. Hapa ndipo zinapoingia zile namba tatu, kwa mpangilio ule ule: mauzo yote, mauzo ya kodi, manunuzi. Dola nzima. Usiandike alama ya dola. Mwenye maduka mawili anajaza kila mstari peke yake. Usijumlishe yote kwenye duka kubwa kwa sababu tu hesabu zipo huko, maana ile asilimia 2 ya mtaa inagawiwa kufuata mahali duka lilipo.

Ukurasa unaofuata unaonyesha kiasi kinachotozwa na jimbo, kinachotozwa na mtaa, na kiwango cha mtaa. Kiangalie kiwango hicho. Kama duka lako liko nje kidogo ya mpaka wa jiji, kiwango kinaweza kuwa pungufu ya 2, na kama umekuwa ukitoza wateja 8.25 huko, umewazidishia. Tovuti ya Comptroller ina mahali pa kutafutia kiwango kwa anwani kamili. Itumie hiyo, usitegemee msimbo wa posta. Msimbo mmoja wa posta unaweza kukatiza mpaka wa jiji, upande huu wa barabara kiwango kimoja na ng'ambo kingine.

Unafuata ukurasa wa muhtasari, punguzo la nusu asilimia likiwa limeshakatwa. Linganisha na karatasi yako. Kama karatasi inasema 1,249.54 na skrini inasema 12,495 na kitu, umeongeza sifuri mahali fulani. Imetokea, tena zaidi ya mara moja.

Mwisho ni malipo. Kukatwa moja kwa moja kutoka benki hakuna gharama. Kadi ya benki ya mkopo ina ada juu yake, na kwa kodi ya kila mwezi sioni sababu ya kuilipa. Unaweza kujaza ritani tarehe 8 na kuahirisha malipo hadi tarehe ya mwisho. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda: kichwa kinakuwa huru mapema, pesa zinakaa kwenye akaunti hadi siku yake. Walipaji wakubwa wanalazimika kutumia mfumo uitwao TEXNET, lakini duka la sambusa halijafika huko.

Bofya kutuma, subiri ukurasa wa uthibitisho, hifadhi ile namba ya kumbukumbu. Usifunge kompyuta kabla hujaiona. Ritani isiyo na namba ya kumbukumbu haijatumwa, hata kama ulijaza kila kisanduku. Mwisho wa muda ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku wa tarehe 20 kwa saa za Texas. Ukiwa safarini Dubai au Mombasa, fanya hesabu ya saa vizuri.

Ukichelewa, na usipouza kitu

Kila ritani iliyochelewa ina faini ya dola 50, hata kama hakuna kodi inayodaiwa. Juu yake, kodi iliyochelewa siku 1 hadi 30 inaongezewa asilimia 5. Ikivuka siku 30, asilimia 10. Riba inaanza kuhesabiwa siku ya 61 baada ya tarehe ya mwisho. Duka letu likilipa tarehe 25 Mei litapoteza punguzo la dola 6.28, litaongezewa dola 62.79 na faini ya 50. Kwa siku tano, dola 119 na ushee zimekwenda.

Ile faini ya dola 50 kwa mwezi usio na mauzo ndiyo iliyonifundisha mimi. Nilipata kibali kabla duka halijafunguliwa, nikaona hakuna cha kuripoti, nikanyamaza. Kumbe ukishapewa kibali unatakiwa ujaze, mauzo yawe sifuri au laki. Kujaza sifuri kunachukua dakika tatu. Kunyamaza kuna bei.

Kama tatizo ni kwamba pesa hazipo, jaza ritani kwa wakati hata hivyo, lipa ulichonacho, kisha wapigie kuomba utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Anayejaza bila kuweza kulipa ana deni. Anayeacha kujaza wanamkadiria wao, na makadirio yao hayana huruma. Na usidhani kampuni, hata LLC (ile inayotenganisha mali ya mwenyewe na madeni ya biashara), itakufunika: kodi uliyokwisha kukusanya kwa wateja ni amana ya jimbo, anayesimamia biashara anaweza kudaiwa binafsi, na kuila kwa makusudi ni kosa la jinai. Ndiyo maana nashauri akaunti ya pili ya benki, bila kadi, ambamo kila Jumapili usiku unahamishia kodi ya wiki. Kodi ikikaa pamoja na pesa za pango la duka, zitaliwa. Si kwa ubaya, ila kwa sababu mwenye nyumba anagonga mlango na Comptroller hagongi mpaka baadaye.

Ukigundua kosa

Ritani iliyotumwa inaweza kurekebishwa humo humo Webfile. Unachagua kipindi, unachagua kurekebisha, unaweka namba zote upya, si tofauti peke yake. Ukiandika tofauti tu, tuseme dola 400, mfumo utaamini duka zima lilifanya mauzo ya dola 400.

Tunza kumbukumbu miaka minne: ripoti za kaunta za kila siku, ankara za manunuzi, fomu za 01-339 za wateja wako wa jumla, na daftari la chini ya kaunta. Risiti za karatasi za joto hufifia mpaka zikawa nyeupe kabisa, hivyo zipige picha.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo jamaa zetu wanaingia nalo kwenye shimo, na halihusu kujaza bali kununua. Mtu anauziwa duka lenye jina, rafu na wateja, wanaandikiana karatasi mbele ya mashahidi, wanapeana mikono. Miezi sita baadaye inakuja barua ya kodi ya mwenye duka wa zamani. Sheria ya Texas inaruhusu deni hilo limfuate mnunuzi, mpaka kiasi cha bei aliyonunulia duka. Kabla hujatoa hata dola moja, muombe Comptroller cheti cha kuonyesha kwamba duka halidaiwi, na muuzaji akikataa kukusaidia kukipata, umeshapata jibu lako. Mnunuzi naye anaomba kibali chake kipya; kibali cha mwenye duka wa zamani hakirithiwi, na kukitumia ni kosa. Anayeuza ajaze ritani yake ya mwisho na kufunga akaunti yake, la sivyo mfumo utaendelea kumsubiri kila tarehe 20, na dola 50 zitaendelea kumwandikia barua.